Uzi maalumu: Tulinganishe dawa za sonona (amitriptilini, fluoksetini, setralini na wenzake)

Mfamasia wa Mkoa

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki humu bila mtu kuleta picha ya cheti na kuuliza, "Jamani nimeandikiwa hii, ni kali kuliko ile aliyopewa dada yangu?" Majibu anayopewa yananiumiza. Mmoja anamwambia dawa ya bei ndogo ni ya kupoozea tu, mwingine anadai zote zinamgeuza mtu zezeta, wa tatu anamshauri azitupe. Nafanya kazi famasi ya hospitali ya mkoa, dawa hizi nazitoa kila siku, kwa hiyo nimeona tuziweke zote mezani na anayejua aongeze. Uzi huu si cheti. Usinunue dawa kwa kuusoma, na kama unatumia usiache kabla hujaongea na aliyekuandikia. Na kama sasa hivi unawaza kujiua, usimalize kusoma, mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali leo hii.

Niseme mapema ninachokiamini: kuuliza ipi kali ndilo swali lenye faida ndogo kuliko yote. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi ulioongozwa na Andrea Cipriani wa Chuo Kikuu cha Oxford. Walikusanya majaribio 522, watu zaidi ya 116,000, dawa 21. Zote 21 zilishinda kidonge kitupu kisicho na dawa, ingawa si kwa mbali sana, na zenyewe kwa zenyewe zilipishana kidogo. Sasa sikilizeni hili: iliyokuwa juu kabisa kwa kufanya kazi ni amitriptilini, kidonge kilekile cha zamani ambacho watu humu wanakidharau. Ila hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa zile ambazo watu wengi waliziacha njiani. Fluoksetini haikuwa juu kwa nguvu, lakini watu waliivumilia vizuri. Dawa inayokufaa ni ile utakayoweza kuinywa miezi mingi bila kuichukia, isiyogombana na moyo wako, tumbo lako, mimba yako au dawa zako nyingine. Hapo ndipo zinapotofautiana kweli, na ndipo nataka tukae.

Historia kidogo, kwa sababu inaeleza kwa nini ziko aina nyingi hivi. Hakuna aliyekaa maabara akaibuka na tiba ya sonona. Mwaka 1952, Staten Island huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu wa hospitali ya Sea View walipewa dawa mpya ya TB iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa hoi wodini wakaanza kuchangamka, kula na kupiga soga kupita matarajio. Daktari Nathan Kline na wenzake wakaipeleka kwa wagonjwa wa sonona, na mwaka 1957 wakatangaza walichokiona. Mwaka huohuo Roland Kuhn wa Uswisi akaandika kuhusu imipramini, ambayo ilikuwa imejaribiwa kwa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, ikashindwa, lakini ikawainua wenye sonona. Amitriptilini ilifuata na kuruhusiwa Marekani mwaka 1961. Kundi la iproniazidi hulioni kwenye famasi zetu: mtu anayezitumia akila jibini iliyokomaa, presha inaweza kupaa ghafla hadi kuhatarisha maisha. Kundi la imipramini na amitriptilini ndilo linaloitwa traisikliki, na lipo hadi leo. Fluoksetini, maarufu kwa jina la Prozac, iliruhusiwa Marekani Desemba 1987 na kufungua mlango wa kundi tunaloliita SSRI, dawa zinazogusa serotonini, kemikali ya ubongo: setralini, paroksetini, sitalopramu, esitalopramu.

Sasa amitriptilini. Ni kidonge kidogo, mara nyingi cha miligramu 25, bei yake rafiki. Shida yake kubwa hapa kwetu naiona kwenye vyeti. Kidonge hiki kwa dozi ya 10 hadi 25 usiku ni dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu na ya kukinga kipandauso. Kwa sonona ya mtu mzima, 25 ni mahali pa kuanzia tu. Dozi hupandishwa polepole na daktari, na wengi huhitaji 75 hadi 150. Lakini nakutana na mtu anakunywa 25 ileile mwaka mzima, hajawahi kupandishiwa, analala vizuri usiku lakini sonona iko palepale, kisha anatangaza kwamba dawa za sonona hazifanyi kazi. Hajapata dawa ya sonona huyo. Amepata dawa ya usingizi.

Na wanaopandishiwa wanakutana na maudhi yake: kinywa kikavu hadi ulimi unagandia mdomoni, choo kigumu, macho kuona ukungu, usingizi wa mchana, uzito kuongezeka, kizunguzungu ukisimama ghafla. Mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Inagusa pia umeme wa moyo, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asipewe kirahisi. Hatari kuliko zote: ikinywewa nyingi kwa pamoja inaua. Kwa mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua huwa naomba ndugu ndiye ashike dawa, na tunampa za siku chache chache hata kama cheti ni cha mwezi.

Fluoksetini ni kapsuli ya miligramu 20, asubuhi, kwa kuwa inaweza kufukuza usingizi. Wengine huanzishiwa 10 kwa wiki ya kwanza. Siku za mwanzo tegemea kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi kidogo. Mengi ya hayo hupungua, na kwa bahati mbaya yanakuja kabla ya nafuu yenyewe, ambayo huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Hapo ndipo watu wengi wanaacha, wakati wameshalipa gharama yote ya mwanzo. Ikinywewa nyingi haina hatari kama ya amitriptilini. Nikiulizwa mimi, kwa mtu mzima asiye na magonjwa mengine, ningeanza na fluoksetini au setralini.

Karibuni.

Dereva Temeke

Asante sana mkuu, uzi umenigusa. Mimi nina hiyo 25 tangu mwaka jana. Naendesha daladala. Asubuhi naamka kichwa kizito, nikifika kituo cha kwanza ndiyo kama akili inawaka. Raha ya kazi sina, nyumbani nakaa kimya, wanangu wananikwepa. Kila nikienda kliniki naambiwa endelea na dawa. Sasa niombe wanipandishie au niombe nibadilishiwe? Na je, nitaweza kushika usukani?

Mfamasia wa Mkoa

Mkuu pole sana. Usukani ndio uamuzi wenyewe. Kwa mtu anayebeba abiria alfajiri, kupandisha amitriptilini ni kumuongezea usingizi barabarani. Ukienda kliniki safari hii usiseme tu "sijisikii vizuri". Sema mambo matatu haya kwa mpangilio: mimi ni dereva, nimekunywa 25 muda wote huu bila kupandishiwa, na sijapata raha ya kitu chochote, sembuse kuchangamka. Kisha uliza kama fluoksetini au setralini inakufaa. Ukibadilishiwa, siku za mwanzo mwambie mwenzako ashike gari mpaka ujue mwili wako unaipokeaje. Na usinywe pombe juu ya dawa hizi, hasa hiyo uliyonayo.

Hilo la watoto kukukwepa mwambie pia daktari. Madaktari wengi wanauliza usingizi na chakula, hawaulizi nyumbani kukoje.

Mama Wawili Nairobi

Habari zenu. Naandika kwa sababu sikuona mtu akitaja akina mama. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilikaa na giza ambalo sikuwa nalijua. Nilikuwa nanyonyesha huku machozi yanamwangukia mtoto usoni, na sikuwa na sababu, mtoto mzima wa afya, mume yuko. Nesi wa kliniki ya watoto ndiye aliyeniuliza, "Mama, wewe mwenyewe unaendelea aje?" Nikashindwa kujibu. Akanipeleka kwa daktari siku hiyohiyo, nikaandikiwa setralini 50.

Vita ilianza nyumbani. Mama mkwe akasema ni sumu kwa maziwa, nichague dawa au mtoto. Niliacha siku kadhaa nikarudi chini zaidi. Daktari akamwita mama mkwe mwenyewe akae kwenye kiti, akamweleza polepole. Leo yeye ndiye ananikumbusha. Nauliza kwa niaba ya wengine: ni kweli ni salama, na kwa nini hii na si nyingine?

Mfamasia wa Mkoa

Dada asante kwa kuandika, na mbariki huyo nesi.

Setralini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na watoto wengi waliopimwa damu hukutwa na kiasi hafifu au hakuna kabisa. Ndiyo maana madaktari wengi huichagua kwa anayenyonyesha. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu na kiasi kinachomfikia mtoto ni kikubwa zaidi, hivyo kwa kichanga si chaguo la kwanza, ingawa mama aliyekuwa akipona nayo tangu zamani haimlazimu kubadilishiwa. Mtoto aangaliwe: ananyonya vizuri, analala kawaida, anaongezeka uzito? Paroksetini ina sifa tofauti. Kwa kunyonyesha haina shida kubwa, ila katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba imehusishwa na ongezeko dogo la kasoro za moyo wa mtoto, kwa hiyo mwanamke anayepanga kubeba mimba aongee na daktari mapema.

Na mama mkwe apewe heshima yake: sonona isiyotibiwa inamdhuru mtoto pia. Mama asiyeweza kuamka hamwoni mtoto anapougua.

Mzee wa Hoja

Mfamasia, nakuheshimu lakini tuambiane ukweli. Mwaka 2022 wanasayansi wa London walitangaza kwamba hadithi ya serotonini kupungua kwenye ubongo haina ushahidi. Miaka yote tumeambiwa sonona ni upungufu wa kemikali na vidonge vinajazia. Kama msingi ni uongo, jengo linasimamaje? Mimi naona ni biashara ya makampuni, na watu wetu wanahitaji kazi na chakula, si vidonge.

Mfamasia wa Mkoa

Mzee shikamoo. Hoja yako ni nzito na nusu yake nakubaliana nayo.

Utafiti unaousema ni wa Joanna Moncrieff na wenzake. Walipitia tafiti nyingi na kusema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona inasababishwa na serotonini kuwa chini. Ni kweli kabisa kwamba maelezo ya "kemikali imepungua" yaliuzwa kirahisi mno, na mimi siyatumii dirishani. Lakini andiko hilo halikupima kama dawa zinasaidia au hazisaidii. Hayo ni maswali mawili. Imipramini iliwainua watu kabla ya mtu yeyote kuwa na nadharia ya serotonini. Tunajua zinavyogusa seli za ubongo siku ya kwanza. Kwa nini nafuu inachelewa wiki kadhaa, wataalamu bado wanabishana. Kinachonifanya niendelee kuzitoa ni majaribio ya kulinganisha na kidonge kitupu, na hayo yanaonyesha faida ya wastani, inayoonekana zaidi kwa wenye sonona nzito.

Kwa sonona nyepesi, vidonge si mahali pa kuanzia, hapo niko upande wako. Na tusitazame mbali. Mwaka 2002, wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, Paul Bolton na wenzake walifanya jaribio katika vijiji 30: watu wenye sonona walikaa kwenye vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo, wakazungumza misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha. Hakukuwa na kidonge. Matokeo yalichapishwa 2003 na waliokaa vikundini walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Zimbabwe nako Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kumsaidia mtu achague tatizo moja alishughulikie. Jaribio lao la 2016 lilionyesha kwamba inafanya kazi. Hawa bibi wangekuwepo kila zahanati yetu, foleni ya dirishani kwangu ingepungua na ningefurahi.

Lakini mzee, nina wagonjwa ambao hawawezi kufika kwenye benchi. Mtu hajaoga siku nyingi, hali chakula, anasikia sauti ya marehemu ikimwita. Huyo nikimwambia ajiunge na kikundi kwanza, nitakuwa nimemtelekeza. Na kwa wengi, dawa na mazungumzo pamoja vinafanya vizuri kuliko kimoja peke yake.

Upande wa biashara: fluoksetini na setralini haki zake za umiliki ziliisha zamani, viwanda vingi vinazitengeneza na bei imeshuka. Fluoksetini na amitriptilini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Faida kubwa ya makampuni iko kwenye dawa mpya ambazo huku hatuzioni hata boksi lake.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Nimekusoma. Hilo la Masaka sikulijua. Bado nasema tuanze na vikundi, lakini huyo wa kusikia sauti sina la kubisha.

Muuguzi wa Akili, Dodoma

Mfamasia umesahau jambo ambalo sisi wodini linatuletea wagonjwa, niliongeze.

Kabla ya mtu kuanza dawa yoyote ya sonona lazima aulizwe: je, umewahi kuwa na kipindi ambacho ulikuwa na nguvu kupita kiasi, hulali na huchoki, maneno hayakatiki, unagawa pesa, unajiona una kipaji ambacho wengine hawana? Kama jibu ni ndiyo, huenda ni bipola, ugonjwa wa mihemko kupanda mno na kushuka mno, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mtu upande wa pili. Tunampokea kijana ambaye juzi alikuwa halii wala hacheki, leo anahubiri stendi tangu alfajiri na ameuza simu ya mama yake kwa bei ya vocha. Familia inasema karogwa. Ukiuliza historia unakuta miaka mitatu nyuma aliwahi kuwa hivyo, hakuna aliyeuliza. Huyu anahitaji kwanza dawa ya kutuliza mihemko, kama lithiamu au valproeti, na ufuatiliaji wa karibu. Valproeti nayo asipewe msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba bila mjadala mzito, inaharibu mtoto tumboni.

La pili: diazepamu (Valium) si dawa ya sonona. Haloperido, ya wenye skizofrenia, si dawa ya sonona. Watu wanapewa Valium dukani kwa sababu "anawaza sana", wanalala, wanaamka na sonona yao, na baada ya muda hawalali bila Valium.

Bint Unguja

Assalaam aleikum. Mie nauliza la Ramadhani. Mama yangu anakunywa amitriptilini na mdomo unamkauka hata siku za kawaida. Mwaka uliopita alifunga huku akiteseka, tukamuomba afungulie hataki. Kuna njia?

Mfamasia wa Mkoa

Waaleikum salaam dada. Dawa za sonona tulizozitaja hapa kwa kawaida ni mara moja kwa siku, kwa hiyo saa za kunywa si tatizo. Amitriptilini tayari ni ya usiku, fluoksetini inaweza kuhamia daku. Tatizo la mama ni ukavu wenyewe, na huo haufuati saa, unakaa naye mchana kutwa. Maji mengi kati ya futari na daku yatasaidia choo zaidi kuliko mdomo. Mpelekeni kwa daktari mwezi wa Rajabu au Shaabani, msisubiri mwezi uandame, aangalie kama anaweza kuhamishiwa dawa isiyokausha, ili akifika Ramadhani awe ameshaizoea. Umri wake pia ni sababu nzuri ya kuiacha amitriptilini: kwa wazee inaleta kuanguka na kuchanganyikiwa. Ila akihamia SSRI na kama anatumia dawa ya presha ya kukojoza, apimwe chumvi ya damu, maana kwa wazee hushuka na wanaanza kuchanganyikiwa tena kwa njia nyingine. Na sheikh wenu akimwambia mama mwenyewe kwamba mgonjwa ana ruhusa, huenda akasikia kuliko sisi.

Asiyetaja Jina

Naomba msinihukumu. Natumia ARV, miaka mingi. Sonona ilinipata nikiwa na zile dawa za zamani za usiku, ndoto za kutisha, mawazo ya kujimaliza. Sasa nimebadilishiwa lakini huzuni haijaisha. Naogopa kuchanganya.

Mfamasia wa Mkoa

Hakuna wa kukuhukumu hapa, na umefanya vizuri kuuliza.

Zile za usiku zilikuwa na efavirenzi, na ndoto kali, kizunguzungu, huzuni na hata mawazo ya kujiua ni maudhi yake yanayojulikana. Siku hizi wengi wako kwenye kidonge chenye dolutegraviri. Hiyo kwa baadhi inasumbua usingizi, na ikiwa hivyo kuihamishia asubuhi husaidia. Fluoksetini na setralini kwa kawaida zinatumika pamoja na dolutegraviri bila mgongano. Waambie kliniki yako ileile, usiende duka lingine kuficha, maana hatari inakuja pale anayeandika dawa hajui unachokunywa.

Nikiwa hapo, nitaje migongano ninayokutana nayo zaidi. Tramado, ile ya maumivu, pamoja na SSRI: vyote viwili vinapandisha serotonini, na ikizidi mtu anatetemeka, anatoka jasho, joto linapanda, anachanganyikiwa, hiyo ni dharura. Linezolidi, inayotumika kwa TB sugu, hivyohivyo. Diklofenaki au aspirini pamoja na SSRI huongeza uwezekano wa tumbo kutoa damu, kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo aseme. Rifampisini ya TB hupunguza kiwango cha baadhi ya dawa hizi mwilini. Na mseto wa malaria: unagusa umeme wa moyo, na amitriptilini, sitalopramu na esitalopramu nazo zinagusa huohuo. Usiache kutibu malaria, lakini mwambie anayekupa mseto unachotumia. Sitalopramu yenyewe, tangu 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema isizidi 40 kwa siku, na 20 kwa aliyevuka miaka 60, kwa sababu hiyo ya moyo.

Mtoto wa Tanga, Leicester

Mimi niko Uingereza, nimepitia tatu. Sitalopramu ilinisaidia roho lakini ikaua kabisa mambo ya chumbani, mke akadhani nina mwingine. Sikuwa nimeambiwa. Kisha mitazapini, nikalala kama mtoto na hamu ya chumbani ikarudi, ila usiku nilikuwa natafuta mkate jikoni, suruali zote zikagoma. Sasa niko kwenye venlafaksini. Inafanya kazi vizuri kuliko zote kwangu, ila nawaonya: nilikuja nyumbani likizo dawa zikaishia njiani, nikazunguka famasi za mjini sikuipata. Siku ya pili kila nikigeuza macho napigwa kama shoti ya umeme kichwani, natapika, nalia bila sababu. Ndugu wakasema malaria.

Mfamasia wa Mkoa

Ndugu umesema yale ambayo wanaume hawayasemi dirishani. Kupungua hamu na kuchelewa kufika kileleni ni maudhi ya kawaida sana ya SSRI na venlafaksini, kwa wanaume na wanawake. Dapoksetini inayouzwa kwa wanaume wanaowahi kumaliza ni SSRI pia, inatumika kwa ajili ya athari hiyohiyo. Mtu aambiwe kabla. Mitazapini na bupropioni, dawa nyingine ya sonona, husumbua kidogo upande huo. Bupropioni hainenepeshi na husaidia kuacha sigara, lakini asipewe mwenye kifafa. Mitazapini mimi naipenda kwa mgonjwa aliyekonda, hali wala halali, kwa sababu maudhi yake kwake yanageuka msaada.

Venlafaksini na paroksetini ndizo zenye kuondoka vibaya zaidi, kwa kuwa zinatoka mwilini haraka. Fluoksetini inajipunguza yenyewe taratibu, ukikosa siku moja hutajua. Hizi si ulevi kwa maana ya kutaka zaidi na zaidi, lakini mwili unazizoea, na kuacha ghafla kunaumiza. Kupunguza kufanyike kwa wiki au miezi, na ngazi za mwisho, zile dozi ndogo kabisa, ndizo zinazotaka upole zaidi. Wakati wenyewe wa kuacha ni angalau miezi sita baada ya kupona. Watu wanakosea, wanahesabu tangu walipoanza. Venlafaksini pia pima presha, inaweza kupanda. Ukija likizo beba za safari nzima na akiba, kwenye begi la mkononi, na nakala ya cheti.

Baba Sekondari

Kijana wangu ana miaka 16, kaandikiwa fluoksetini. Nimesoma mtandaoni kwamba inawafanya vijana wajiue. Nimeificha.

Mfamasia wa Mkoa

Mzazi mwenzangu, hofu yako ina msingi. Mwaka 2004 Marekani iliweka onyo kali kwenye boksi za dawa zote za sonona kwa sababu katika majaribio mawazo ya kujiua yaliongezeka kidogo kwa watoto na vijana, na 2007 onyo likafika hadi miaka 24. Katika majaribio hayo hakuna aliyekufa kwa kujiua. Fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa umri wake. Onyo linakutaka uwe karibu naye wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa: akianza kutotulia, hasira za ghafla, kukesha, mrudisheni siku hiyohiyo. Itoe ulikoificha, ishike wewe, umpe mwenyewe kila asubuhi baada ya daktari kujua kwamba alikosa siku kadhaa. Na muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumwingizii wazo.

Dereva Temeke

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilisema yale matatu kama nilivyoelekezwa. Daktari akanisikiliza, kaniandikia fluoksetini 20 asubuhi. Amitriptilini kaniambia niache kwanza, zipite siku kadhaa ndipo nianze mpya. Nilitaka nizinywe zote mbili angalau wiki moja ili nisikose usingizi. Kuna ubaya?

Mfamasia wa Mkoa

Upo, mkuu, fuata alivyosema daktari. Fluoksetini inalizuia ini kuivunja amitriptilini, kwa hiyo 25 yako inaweza kufanya kama dozi kubwa zaidi, na wewe uko barabarani. Usingizi ukisumbua siku mbili tatu hizo mwambie daktari, usirudie kidonge cha zamani. Vilivyobaki vilete famasi, usimpe jirani mwenye maumivu ya mgongo. Wiki ya pili andika hapa tumbo likoje, na wiki ya nne andika nyumbani kukoje.

Dereva Temeke

Sawa mkuu. Naanza Jumatatu, gari atashika mwenzangu.